Kupe wa Kondoo wa Nadhiri

Mtaani Mahabibo, mjini Mahajanga, walikuwapo wanawake waliojulikana kwa upishi, wengine kwa sauti ya kaswida, na wengine kwa ulimi peke yake. Moinaecha alijulikana kwa ukucha. Ukucha wa kidole gumba cha kulia aliuacha ukue mpaka ukajikunja kama kijiko, na kwa huo aling'oa kupe. Mbuzi na kondoo wa mtaa mzima walipita katikati ya magoti yake. Alimshika mnyama sikio, akaingiza kidole, akapapasa huku ametazama pembeni kama mtu anayetegea sikio ugomvi wa jirani, kisha tik! kupe akaangukia kwenye kopo la maziwa lenye mafuta ya taa. Mbele yake watu walimwita Bweni Moinaecha, heshima ya mjane mtu mzima. Akishageuka, alikuwa Mama Kupe. Jina hilo alilijua wala halikumkera. Kilichomkera ni kupe.

Mkono wenyewe haukuwa na likizo. Ukimpa mtoto ambusu, vidole vilikwishafika nyuma ya masikio ya mtoto kabla midomo haijafika shavuni. Siku Chaïbou alipokuja kutoka kisiwa cha Nosy Be kumposa binti yake Bahia, Moinaecha alimvua kofia mbele ya wazee, akamkagua utosi, akamrudishia kofia yake. Ndoa ikapita.

Mifugo yake mwenyewe ilikuwa ya kienyeji: mbuzi wafupi wenye macho ya ukorofi, na kondoo wachache wa mkia mnene, manyoya mafupi, rangi ya udongo wa barabarani. Aliwalisha Amborovy, kwenye vichaka vya upande wa uwanja wa ndege, na kila jioni aliwasoma mwilini. Mbuzi alibeba kupe wake masikioni na katikati ya kwato. Kondoo wa mkia aliwaficha chini ya mkia, mahali ambapo mwenyewe hafiki na rafiki haendi. Lakini hakuna aliyeugua. Walizaliwa wakamkuta kupe, kama watu wanavyozaliwa wakamkuta shemeji; wananyonywa, wanalalamika, wanaishi.

Bahia ndiye aliyekuwa jeraha la Moinaecha. Tangu ahamie kwa mumewe huko Andoany, mji wa bandari wa Nosy Be, alikuwa amezaa na kuzika, akazaa tena na kuzika tena, na hakuna hata mtoto mmoja aliyefika siku ya saba, siku ya kunyolewa nywele na kupewa jina. Walikwenda bila majina. Alipopata mimba nyingine, Moinaecha alisimama uani kwake mbele ya jirani yake Koulsoum, akasema kwa sauti: mimba hii ikivuka mwezi wa saba, siku ya Idd ya kuchinja nitachinja kondoo dume mweupe, asiye na doa, mlangoni kwa mwanangu.

"Mweupe?" Koulsoum aliuliza. "Wa kumtoa wapi? Kondoo wa Mahajanga hata akioga hawi mweupe."

"Nimekwisha kusema."

"Ungesema kwanza moyoni, shoga yangu, tukashauriana."

Lakini nadhiri ikitoka mdomoni hairudi kupiga mswaki. Mimba ikavuka mwezi wa saba. Na kilichoingia moyoni mwa Moinaecha hakikuwa kwenye nadhiri, alikiongeza mwenyewe: kwamba kondoo akifika Idd, mtoto atafika siku ya saba; na kondoo asipofika, kitachukuliwa kingine badala yake.

Uhuru siku hizo ulikuwa bado unanuka rangi mbichi. Bendera zilikuwa mpya, mihuri mipya, na walowezi wa Kifaransa walikuwa wakifunga masanduku mmoja mmoja. Mmoja wao, huko kwenye nyanda za juu za baridi, aliuza kondoo wake wote, na lori la wachinjaji likawaleta Mahajanga. Moinaecha alipomwona dume mmoja kati yao alishika mdomo. Mweupe pe. Mkubwa, mzito, mwenye sufu iliyomfunika mpaka magotini, na uso mrefu wa mtu aliyeletewa habari mbaya.

Alipokwisha kumnunua na kumwingiza uani, Koulsoum alizunguka mnyama mara mbili.

"Bweni, huyu kavaa sweta Mahajanga? Mungu amsamehe aliyemvisha. Na huu ndio mkia? Kamba ya ndoo hii! Mkia wa kukaangia uko wapi?"

"Hajaja kukaangwa. Kaja kwa Bahia."

Mbuzi walijikusanya upande wa pili wa ua, wakamtazama mgeni. Hawakumpiga pembe, hawakumnusa. Walimtazama tu.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na lilikuwa kosa la watu wema. Yajulikana kwamba mwenye nia ya kuchinja hakati nywele wala kucha tangu mwezi wa kuhiji uandame mpaka achinje. Nyumbani kwa bibi yake Moinaecha, ng'ambo Ngazija, sharti hilo lilikuwa limehamia kwa mnyama, na huko likanenepa: tangu siku ya kumtilia nia, mnyama hakatwi unywele, hachongwi kwato, haondolewi chochote kilicho hai juu yake. Afike kama alivyowekewa nia. Bibi alifanya hivyo kwa mbuzi wa kienyeji maisha yake yote, wala mbuzi hakupata hata mafua. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuliza.

Moinaecha akaweka mkono juu ya kichwa cha kondoo, akatia nia, akaondoa mkono. Kopo la mafuta ya taa akalitundika msumarini.

Fazul, kijana wa mtaani aliyeajiriwa na idara ya mifugo, alipita na baiskeli yake akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Bweni. Huyo unamlisha wapi?"

"Marahaba. Amborovy, na wenzake."

"Hawa si wenzake." Fazul aliegemeza baiskeli. "Bweni, nisikilize. Kuna kupe wa huku, yule mwenye mgongo wa rangi kama kito. Mbuzi wako wamejuana naye tangu tumboni. Huyu katoka kwenye baridi, hawajuani. Anamwachia ugonjwa unaojaza maji kwenye moyo. Nimewaona wakifa. Mlete tumwogeshe dawa, au basi wewe mwenyewe wang'oe. Nani anang'oa kuliko wewe?"

"Nimekwisha kumtilia nia."

"Nia na kupe vinahusianaje?"

"Wewe umesoma shule, mwanangu, si mambo ya nadhiri. Nenda, jua kali."

Fazul aliondoka akitikisa kichwa. Alikuwa amesema kweli tupu, na kweli tupu ya kijana mwenye baiskeli ni kitu chepesi sana kukisahau.

Kwa hiyo kondoo alikwenda Amborovy na mbuzi, akarudi na mbuzi. Kila jioni Moinaecha aliwasafisha mbuzi, na kondoo mweupe alisimama pembeni akingoja zamu isiyokuja. Aliwaona kupe wakipanda. Walipitia miguuni, wakaingia chini ya sufu, wakapotea kama watu wanaoingia nyumbani kwao. Baada ya muda sufu ile ilikuwa na vinundu ndani yake. Ukiigusa kwapani au kwenye kinena ulihisi punje, nyingine ngumu na bapa, nyingine zimevimba kama mbegu za mbarika. Moinaecha aligusa mara moja tu. Ukucha ulimwasha mpaka kiwikoni. Alikaa juu ya mkono wake.

Mwezi ulipoandama, akaacha kukata na kucha zake pia. Ule wa kidole gumba ukazidi kurefuka, njano, umepinda, na usingizini ulimkwaruza.

Kisha ikaja adhuhuri ile.

Mahajanga jua likifika utosini mji hufunga milango. Barabara huwa nyeupe, hazina mtu wala mbwa, na kimya chake kina uzito kuliko cha makaburini. Moinaecha alitoka uani kuchota maji. Kondoo alikuwa amesimama mbele ya ukuta, karibu kabisa, paji la uso likigusa chokaa. Alikuwa anatafuna. Taya linakwenda kulia, linakwenda kushoto, polepole. Moinaecha akamfungua mdomo. Ndani hamkuwa na kitu. Ulimi mkavu, ufizi mweupe. Alipomwachia, taya likaendelea pale lilipoishia.

Akageuka kuwatazama mbuzi. Wote walikuwa wamesimama, wote wameelekea kwa kondoo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akicheua.

Kupe hawana sauti. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote Mahajanga. Lakini aliposimama pale, karibu na sufu ile, alisikia kitu kama mchanga unaomiminwa taratibu kwenye karatasi.

Kondoo akarudi nyuma hatua moja. Akainua mguu wa mbele juu, juu zaidi ya kawaida, akaushusha kwa tahadhari. Akainua wa pili. Alitembea hivyo kutoka ukutani hadi mlangoni, akipanda ngazi isiyokuwapo.

"Koulsoum!" Moinaecha aliita. Koulsoum alichungulia juu ya ukuta, kanga kichwani, usingizi machoni. Alitazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na la kuchekesha.

"Mpeleke leo," alisema. "Meli ipo leo. Mpeleke akafie kwao."

"Hafi! Na kwao si Nosy Be."

"Basi mpeleke tu, Moinaecha. Asife huku ninapolala."

Bandarini Fazul alimsaidia kumpandisha kwenye meli ya mizigo. Alimshika kondoo shavuni, akahisi homa, akamtazama Bweni.

"Nikupe dawa?" alisema. "Niliyo nayo ni ya ngozi. Huku ndani haifiki."

Hakusema nilikwambia. Moinaecha alimchukia zaidi kwa hilo.

Juu ya meli, kondoo alifungwa nyuma, karibu na magunia ya mchele. Wasafiri walitandika mikeka pale penye kivuli. Haukupita muda wakaanza kuhama, mmoja baada ya mwingine, bila kuelezana sababu. Mwanamke mmoja wa Kisakalava aliinuka, akakung'uta mkeka wake, akasema neno kwa Kimalagasi kuhusu mzimu aliyepanda bila tiketi. Mwenzake akacheka kidogo, kisha akahama naye. Moinaecha alibaki peke yake na kondoo. Akatazama mbao za meli. Kupe mmoja wa rangi, mgongo kama kipande cha pete, alikuwa anatembea. Kupe wa mbuzi hungoja kwenye jani, hulala tu na njaa yake mpaka mtu apite. Huyu alikuwa anakwenda. Alifika kwenye ufa wa ubao, akauzunguka, akaendelea kuelekea pale walipohamia watu.

Moinaecha aliinua kisigino. Ni wa kondoo, alijiambia. Amedondoka mwenyewe, sikumwondoa mimi. Kisigino kikabaki hewani mpaka kupe akapita.

Andoany iliwapokea na harufu ya mlangilangi, harufu nzuri kupita kiasi, kama mtu aliyejipaka manukato kuficha kitu. Chaïbou alikuja gatini na mkokoteni. Alikuwa fundi seremala, mtu wa mizaha, na alimpenda mama mkwe wake tangu siku ya kofia.

"Mama, karibu. Huyu mgeni wetu mbona kama amelewa?"

"Bahari."

"Bahari inawalevya watu kwa kuwatapisha, haiwafundishi gwaride." Maana kondoo alikuwa ameshuka gatini akiinua miguu ile ile, juu, juu, na watu wa soko walikuwa wakimpisha.

Bahia alikuwa amekaa mlangoni, tumbo limemtangulia. Uso ulikuwa umemtuna, macho makubwa. Alimbusu mama yake mkono, kisha akamtazama kondoo na kondoo akamtazama yeye.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mzuri," alisema Bahia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesifu jeneza.

Wakamfunga uani kwenye mti wa limau. Akaanza kuzunguka. Kamba ikajifunga mtini mpaka ikamfikisha shingo kwenye gome. Wakamfungua, akazunguka bila kamba, duara lile lile, upande ule ule, mpaka majani yakafutika na ardhi ikang'aa. Siku ya Arafa, Idd ikiwa kesho yake, Chaïbou alimwita Fundi Djaanfar, mwalimu wa chuo cha Kurani, aje atazame.

Fundi alikuwa mzee mnene, mwenye pumzi fupi na subira ndefu. Aliingiza mkono kwenye sufu, akautoa haraka, akaufuta kwenye kanzu.

"Bweni Moinaecha. Kupe hawa ni wa nini?"

Akamweleza. Nia, bibi, Ngazija, kisichoondolewa. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, naye akavuta pumzi.

"Nywele na kucha ni zako wewe unayechinja, mwanangu. Si za kondoo. Sharti hili limekukalia wewe, halijamkalia mnyama. Na kupe, hata kwa mnyama wa nadhiri, hana haki yoyote duniani. Ungemwondoa siku ya kwanza."

Moinaecha alitazama kidole chake gumba.

"Tumchinje sasa," alisema.

"Kabla ya sala ya Idd ni nyama tu. Na mgonjwa kama huyu hata kesho hafai. Lipa nadhiri kwa mwingine, Mungu anajua."

"Mwingine mweupe yuko wapi? Nilisema mweupe! Kesho asubuhi tu, Fundi. Afike kesho asubuhi tu."

Ndani ya nyumba, Bahia aliita.

Uchungu ulimshika adhuhuri, na mkunga akaja na bakuli zake. Uani, dakika ile ile, kondoo alianguka kwa ubavu. Hakutulia. Akiwa amelala chini, miguu yote minne ilianza kukimbia. Ilikimbia hewani kwa kasi, kichwa kimevutwa nyuma, macho yamegeuka weupe, na povu likimtoka puani. Moinaecha alipiga magoti, akamshika kichwa, akamwagia maji. Ndani, Bahia alilia. Kondoo akakimbia. Bahia akanyamaza, miguu ikasimama. Moinaecha alidhani ni sadfa tu. Akangoja. Bahia akalia, miguu ikakimbia.

"Bweni!" mkunga aliita kutoka dirishani. "Ama uwe huku, ama uwe huko!"

"Nakuja."

"Anakutaka wewe, si mimi! Kwani wewe ni mama wa kondoo?"

Moinaecha alishika sufu kwa mikono miwili. Alijua kwamba akimwachia kichwa kitagonga ardhi. Kupe walikuwa wakimtembelea kwenye viganja. Ndani Bahia aliita "Mama," mara moja, kwa sauti ndogo ile ya utotoni, alipokuwa akiogopa giza la chini ya kitanda. Moinaecha akamwachia kondoo, akakimbia ndani bila kunawa.

Mtoto alitoka upesi. Wa kiume. Alilia mara moja, kilio kifupi, kama anajibu kuitwa, kisha akanyamaza. Na katika kimya kile wote walisikia kwamba uani nako kumenyamaza.

Moinaecha alipotoka, kondoo alikuwa amekufa, macho wazi, jua likimpiga usoni. Chaïbou alisimama mbele yake, furaha ya mtoto na hofu vikigombania uso wake.

"Mama, njoo uone," alisema. "Nini hiki?"

Kupe walikuwa wanatoka. Wale waliovimba walibaki wameng'ang'ania, lakini wale wa rangi, madume, walijichomoa kwenye ngozi iliyoanza kupoa, wakashuka kupitia sufu, kwapani, tumboni, masikioni, wakafika ardhini. Hawakutawanyika. Waligeuka, wote, kama watu walioambiwa njia, wakaelekea kwenye kizingiti cha nyumba, kwenye pumzi na joto la walio hai. Walikuwa wengi mpaka ardhi ile iliyong'aa ilionekana inasogea.

"Wanakuja kumwona mtoto," alisema Chaïbou. Ulikuwa mzaha. Ulipomtoka mdomoni akaufunika kwa mkono, lakini ulikwishasikika.

Moinaecha alileta ufagio, maji ya moto na mafuta ya taa. Alifagia, alikanyaga, alichoma. Alifanya alichopaswa kufanya mwezi mzima, na alikifanya akilia. Baadaye Chaïbou alimchuna mnyama ili angalau aokoe sufu, kisha akampasua. Kifua kilikuwa kimejaa maji, ya njano kama chai isiyo na maziwa, na moyo ulielea ndani yake. Alimwita mama mkwe atazame. Moinaecha alikataa. Alikwishaambiwa, mlangoni kwake, na kijana mwenye baiskeli.

Idd ikapita. Majirani walileta nyama, wakasema mtoto mzuri, wakaondoka mapema. Mtoto hakuwa akilia. Alilala na macho wazi, uso umegeukia ukuta, na ukimgeuza huku, taratibu alirudi kule. Titi alilishika na kuliacha. Lakini taya lake lilikuwa linakwenda. Kulia, kushoto, hakuna kitu mdomoni.

"Watoto wote hufanya hivyo," mkunga alisema.

"Wanaonyonya," alisema Moinaecha.

Bahia aliutazama uso wa mtoto. Alikuwa anahesabu. Siku waliyoondokea ndugu zake mtoto huyu ilikuwa inakaribia, na kila mtu ndani ya nyumba ile alitembea kwa ncha za vidole, kana kwamba siku ya saba ni ndege atakayeruka akishtuliwa. Nywele za mtoto zilikuwa nyeusi, nyingi, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa mpaka zinyolewe siku hiyo. Walimuosha shingo kwenda chini.

Asubuhi moja, Moinaecha alimpakata ili Bahia ale uji. Mkono ukafanya kazi yake bila kumuuliza. Vidole vilikwenda nyuma ya sikio la kulia, wakati midomo ingali njiani. Chini ya nywele kulikuwa na punje. Ndogo, ngumu, bapa.

Akauacha mkono pale pale.

"Mama?" Bahia aliweka bakuli chini. "Mama, toa mkono kwenye nywele."

"Bahia, kuna kitu."

"Toa mkono!" Alikuwa amesimama. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Hakiguswi kitu mpaka siku ya saba. Wale wengine niliwaosha vichwa, nikawachana, ukaniambia ndiyo maana. Uliniambia wewe, Mama, kwa mdomo wako!"

Ni kweli, alimwambia. Juu ya kaburi la pili, kwa kuwa alitaka kuwe na sababu.

"Nilikosea."

"Na sasa je? Utajuaje kama sasa hukosei?"

Moinaecha alimtazama mtoto. Kama kondoo aliondoka kwa sababu hakumgusa, mtoto angeweza kuondoka kwa sababu amemgusa. Dunia ilikuwa imejaa njia za kuwapoteza. Mtoto alikuwa anatazama ukuta. Taya lake lilikwenda kulia, likaenda kushoto.

"Mshike miguu," alisema.

"Mama, nakuomba."

"Basi nitamshika mwenyewe." Na akamgeuza mtoto kifudifudi juu ya mapaja yake, kama alivyogeuza maelfu ya vitu hai maishani mwake, akapasua njia kati ya nywele kwa vidole viwili. Alikuwa pale. Dume, mgongo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeusi, kichwa kimezama kwenye ngozi laini mno. Moinaecha hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile mahali pabaya namna ile. Akaingiza ukucha mrefu chini yake. Hakuvuta, mwenye kuvuta huacha kichwa ndani. Alisukuma, akangoja, akasukuma. Bahia alikuwa amejifunika uso kwa ushungi. Nje, mwanamke mmoja alikuwa akiuza ndizi na kupaza sauti.

Tik.

Mtoto alivuta pumzi ndefu, ndefu mno, mpaka Bahia akafunua uso. Kisha akalia. Alilia kwa hasira, kwa mapafu yote, mguu ukimpiga bibi yake tumboni, na Chaïbou akaingia mbio kutoka karakana na randa mkononi. Bahia alimnyakua, akampa titi. Mtoto akalishika kama mtu aliyedhulumiwa, akanyonya, akanyonya, wala hakugeukia ukuta.

Moinaecha alitoka uani, kupe kati ya vidole, akamtazama vizuri juani kabla ya kumtia kwenye mafuta. Hakuzama mara moja. Alitembea juu ya mafuta hatua chache, akielekea nyumbani.

Siku ya saba mtoto alinyolewa. Fundi Djaanfar alimpa jina la Elamine, wakachinja kondoo wa mkia mnene, rangi ya udongo, ambaye Moinaecha alimkagua mpaka kope. Nadhiri ya mweupe ilibaki palepale ilipokuwa. Mwaka uliofuata aliulizia mpaka kijiji cha Antsanitia. Walowezi walikuwa wamekwisha kuondoka, na kila kondoo aliyeletewa alikuwa na doa mahali.

Bahia alikuja Mahabibo na mtoto alipoanza kusimama. Elamine alikuwa mnene, mcheshi, mwizi wa sukari. Adhuhuri moja, barabara zikiwa nyeupe na milango imefungwa, alijishikilia kwenye mtungi uani, akauachia, akatembea peke yake kwa mara ya kwanza. Bahia alipiga kigelegele. Koulsoum akachungulia juu ya ukuta.

Mtoto aliinua mguu juu, juu sana, akaushusha kwa tahadhari. Akainua wa pili. Alikwenda hivyo uani kote mpaka kwenye ukuta, pale pale, akaweka paji la uso kwenye chokaa.

Mbuzi wakaacha kucheua.

"Watoto wote hutembea hivyo," alisema Koulsoum, upesi mno. "Wangu watano walitembea hivyo. Wa kwangu mmoja alitembea hivyo mpaka akaoa."

"Ndiyo," alisema Moinaecha. "Elamine! Njoo kwa Koko, bibi yako."

Mtoto akageuka. Akacheka, akarudi kwa hatua zake zile za juu, akamwangukia magotini. Moinaecha alimkalisha katikati ya mapaja, uso chini, akaanza nyuma ya sikio la kulia, akipasua nywele njia baada ya njia. Mtoto alicheka kwa mtekenyo. Alidhani ni mchezo, na bibi yake hakuwa na haraka ya kumaliza.